Wembe Kwenye Spika ya Bogere

Jumatano, 6 Agosti
Jumamosi kuna onyesho la bendi za roki ya gereji hapa Jinja, muziki wa kuiga miaka ya sitini. Bendi itakayoshangiliwa zaidi inakwenda Mbale. Sisi tuko watatu: mimi gitaa, Koplo Ojok wa kambi ya jeshi ya Kimaka ngoma, Brigid sauti. Brigid ameniambia wazi kwamba tusipokwenda Mbale anahamia bendi ya Bogere. Bogere! Muuza simu! Haiwezekani.

Alhamisi, 7 Agosti
Mazoezi Mafubira, nyuma ya duka langu la spea. Gitaa langu linalia safi kabisa. Ojok akaweka vijiti chini.
“Wasike, hii ni roki ama ni misa?”
Nikamjibu kwamba usafi ndio ushindi, afande. Akatazama saa.

Ijumaa, 8 Agosti
Bogere ameacha spika ya gitaa lake barazani pa ukumbi, akaenda kula. Nilikuwa na wembe. Nikachana ile karatasi ya ndani mara tatu. Hakuna aliyeniona. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti
Sielewi. Bogere alianza yeye. Spika ikakoroma kama lori lenye ekzosi iliyotoboka. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Halafu watu wakapiga kelele. Za furaha! Jamaa mmoja wa miwani akanieleza kwamba wanamuziki wa zamani walikuwa wakichana spika zao makusudi, wapate sauti hiyohiyo. Makusudi! Mtu na akili zake!

Zamu yetu. Nilipiga safi. Watu wakaenda kununua soda. Basi katikati ya wimbo nikachomoa wembe, nikachana spika yangu mara saba, kwa moyo wote. Ikanyamaza kabisa. Brigid akamaliza wimbo peke yake na ngoma ya Ojok. Wakamshangilia yeye. Mimi hapana. Na Mbale anakwenda Bogere.

Jumapili, 10 Agosti
Bogere amekuja nyumbani. Nikajua nimekwisha. Kumbe anatafuta fundi aliyemtengenezea spika, amshukuru!
“Bwana Wasike, wewe unajua mafundi. Ni nani?”
Ningenyamaza. Lakini je, sifa zangu apewe mtu mwingine? Nikasema ni mimi. Akanikumbatia. Sasa mimi ni fundi wake wa Mbale. Brigid ataimba kwake, Ojok atapiga ngoma kwake. Mimi nitabeba nyaya. Nimeshinda au nimeshindwa? Nimemuuliza Brigid. Amecheka tu.

Jumamosi, 16 Agosti, Mbale
Tumefikia Namatala. Bogere alinunua spika mpya, akanikabidhi niichane kama ile ya kwanza. Hapo ndipo nilipompata! Sikuichana. Nikaiacha nzima, nikamwambia tayari. Aaibike mbele ya Mbale yote.

Alipiga. Safi kama misa. Na kwa mara ya kwanza sauti ya Brigid ikasikika neno kwa neno. Mama mmoja wa mbele akalia machozi. Watu wakambeba Bogere mabegani, na Bogere, kutoka huko juu, akaninyooshea kidole akisema huyu ndiye fundi wangu, anajua kila mji unataka nini. Nikapigiwa makofi. Nikainama. Sijui kwa nini niliinama.

Jumapili, 17 Agosti
Nimefikiri usiku kucha na kosa nimeliona. Nimekuwa nikihangaika na karatasi, na shida ni umeme. Wiki ijayo wanacheza Tororo. Asubuhi hii nimenunua koleo la kukatia nyaya.