Maiti Anayeitikia Salamu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimenyang'anywa! Si kuku, si kanga. Nimenyang'anywa mimi mwenyewe.

Ngoja nieleze vizuri. Kabla mwanangu Gloria hajazaliwa, bwana Constantine, mpiga picha za harusi wa hapa Bariadi, alitengeneza filamu. Kilio cha Mwandoya. Mbaya! Mbaya mpaka ikawa maarufu. Majambazi wamevaa joho za kwaya. Mvua inamwagwa kwa ndoo na mkono wa mmwagaji unaonekana, una saa.

Lakini hayo watu wamesamehe. Wasichosamehe ni maiti. Na maiti ni mimi. Nimelazwa mkekani, nimefunikwa shuka, mama mkwe wangu Nyanjige anaingia msibani. Kaambiwa aingie alie. Sasa mayu, ndivyo tunavyomwita mama, ni mtu wa adabu, hawezi kuingia nyumba ya watu akaanza kulia tu kama mbwa. Akasalimia kwanza, salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Mwangaluka! Wazima wote kimya, wanaigiza. Maiti akajibu, mwangaluka mayu. Na magoti yakakunjika chini ya shuka, kwa heshima.

Ningefanyaje? Mama mkwe kasalimia!

Kipande hicho kimezunguka kwenye simu za watu wote. Sokoni siitwi Minza. Muuza nyanya ananiuliza, Maiti, nikuongezee? Mimi nimezoea. Lakini Gloria ataanza shule siku moja, na sitaki aitwe mtoto wa maiti.

Sasa wamekuja vijana kutoka Mwanza na kamera kubwa kama mbuzi. Wanatengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu jinsi filamu ile mbaya ilivyotengenezwa. Na atakayeigiza Minza ni nani? Scola wa saluni! Kanitangazia mwenyewe huku anamsuka mtu. Eti nisijali, yeye atanifanya niwe mzuri kidogo.

Mpango wangu ni huu. Nipate nafasi hiyo. Halafu nife vizuri. Kimya kabisa. Watu walie, wasicheke. Jina langu lisafike.

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimeenda gesti walikofikia, Gloria mgongoni, michembe ya viazi vikavu kwenye mfuko. Mkubwa wao anaitwa Novatus. Kijana mpole, ana ndevu nyembamba kama za mbuzi mgonjwa. Alipojua mimi ndiye maiti mwenyewe alisimama akanipa mkono. Heshima hiyo sijapewa tangu niolewe!

Akasema anataka iwe vilevile. Mayu asalimie, mimi niitikie. Nikasema sawa kaka. Moyoni nikasema utangoja sana.

Ila Scola keshaahidiwa. Novatus akaamua tujaribiwe wote wawili Alhamisi, mbele ya mayu. Michembe wamekula yote. Mmoja akauliza kama ni maganda ya mti. Nimemsamehe, ni mtoto wa mjini.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Ushindi!

Scola alitangulia. Alikuja kufa na kope za bandia. Akalala, akajipanga mkono shavuni kama anapigwa picha ya kalenda. Mayu akaingia na fimbo yake, akasalimia, mwangaluka. Scola alikuwa kajiandaa kujibu. Akajibu kwa sauti tamu ya redioni: Marahaba!

Hata kuku waliacha kuparua.

Marahaba! Kamfanya mayu mtoto! Mayu akauliza Kisukuma, kwa utaratibu tu, kama huyo marehemu kafa kwa kukosa akili au akili zilimtoka baada ya kufa. Akaongeza kwamba yeye kazaa watoto saba na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa marahaba, sasa aje kupewa na maiti mwenye kucha za chui. Akageuka kwenda nyumbani. Novatus akamkimbilia mpaka kwenye shamba la pamba, anaomba msamaha huku miiba ya mbigili inamtoboa kandambili.

Mayu akasema atarudi, ila atamlilia mkwewe tu. Wengine walie kwao.

Scola kaniambia nimemroga. Nikamwambia pole mwaya. Nimesema kwa upole kweli, maana furaha ilikuwa imenijaa.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Mazoezi ya kufa. Magumu kuliko kuvuna pamba.

Nimelala mkekani, macho nimefumba. Gloria akaja akanipanda tumboni. Nikajikaza. Akafungua nguo yangu, akaanza kunyonya. Maiti ananyonyesha! Nikaacha, mtoto hana kosa. Nilipapasa nywele zake kidogo tu. Hiyo haihesabiki.

Mume wangu Maige akarudi kutoka Lalago akanikuta nimenyooka, mtoto juu, kuku pembeni. Akanitazama. Akauliza kama chai ipo. Ndoa!

Tatizo langu ni masikio. Nikisikia salamu ya mayu, mdomo unafunguka wenyewe. Basi dawa ni kutosikia. Na sisi tuna nini hapa zaidi ya pamba? Nimechukua iliyo nzuri, nimetoa mbegu, nimeviringa vipande viwili. Nikaziba. Maige alikuwa anaongea, mdomo unacheza tu. Raha! Nilikaa nayo jioni nzima.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Sijui niandikeje. Mara nacheka, mara hapana.

Tulianza asubuhi. Nimelazwa kwenye nyumba ileile, shuka ileile ya bwana Constantine yenye maua ya bluu. Majirani wamejaa ndani mpaka mlangoni. Pamba masikioni. Nikafa. Nilikufa vizuri jamani! Pumzi chini kwa chini, kama mjusi.

Naona giza tu. Najua mayu kaingia maana sakafu imetikisika. Najua kasalimia. Mimi kimya. Nikawaza, Minza, leo umeweza.

Baadaye ndiyo wameniambia kilichotokea. Mayu kasalimia, kimya. Kasalimia tena kwa sauti, kimya. Mara ya tatu fimbo ikamwanguka. Tangu nimeingia nyumba ile sijawahi kuacha salamu yake chini, hata siku nina uchungu wa kumzaa Gloria niliitikia. Sasa yeye kichwani mwake hakuna tena filamu wala kamera. Kamgeukia Novatus kamwambia, mmemuua mtoto wangu! Novatus akadhani anaigiza. Akaonyesha dole gumba.

Mayu akanirukia. Akanitikisa mabega kama anapeta mpunga, pamba ya sikio la kushoto ikaruka. Ndipo nikaanza kusikia. Analia, jamani. Si kilio cha filamu. Anasema kwamba ni kweli alikuwa anawaambia watu ugali wangu una madonge, lakini ugali wa nani mwingine ameula akashiba? Anasema binti zake wa kuzaa hawajamjengea hata choo wala kumpa neno zuri, ila huyu mtoto wa watu ndiye aliyemwogesha alipoumwa. Anasema alitaka kuniambia siku moja. Alikuwa anangoja pamba iishe kuvunwa. Halafu akasema polepole, sasa asubuhi nitamsalimia nani?

Ningefanyaje?

Nikakaa kitako na shuka kichwani nikasema, nipo mayu, mwangaluka mayu.

Mlango ulipungua upana. Majirani walitoka kupitia dirishani, mzee Bujiku na baiskeli yake. Mayu hakukimbia. Alinitazama, akanizaba kofi, akanikumbatia, akanizaba jingine. Kijana wa kamera alikuwa amelala chini anacheka, machozi yanamtoka, kamera bado inazunguka. Novatus akaibusu kamera. Eti hata angeandika mwaka mzima asingepata kitu kama hicho.

Maiti kaongea tena! Tena sentensi ndefu kuliko ya kwanza!

Jumapili, 15 Juni 2025

Kanisani watu walinipisha kwenye benchi. Wengine kwa heshima, wengine kwa woga. Katekista akauliza kwa utani kama aniandike kwa waumini au kwa marehemu. Scola alicheka mpaka kope moja ikadondoka kwenye kitabu cha nyimbo.

Mayu hajasema nami tangu jana. Kambeba Gloria kutwa. Ila jioni niliona kibuyu cha maziwa mgando mlangoni kwangu, kile anachomwekea Maige peke yake. Nilipotaka kushukuru akaniambia ninyamaze, nimeshaongea ya kutosha. Na ugali wa leo, akasema, una madonge.

Nimekunywa maziwa yote peke yangu. Nimelia kidogo humo humo kwenye kibuyu.

Jumatano, 18 Juni 2025

Nimekaa nimefikiri. Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la pamba, niliiviringa vibaya. Na shuka ile ina mkosi. Kipaji ninacho, kila mtu kaona jinsi nilivyomliza mayu bila hata kupumua.

Nimemfuata Novatus gesti kabla hawajaondoka. Nikamwambia sitaki tena vichekesho, nataka nafasi ya uchungu. Alizishika zile ndevu. Kisha akasema yupo mtu mmoja amebaki kwenye filamu, mlinzi wa lango. Anasimama tu, hasemi kitu tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni bubu. Akaniuliza mara mbili kama nimeelewa. Bubu. Nikasema nimeelewa sana kaka.

Nafasi yangu kabisa! Gloria ataniona mama yake nimesimama wima, mzima, na heshima zangu.

Tunapiga picha kesho. Nimeshamtungia huyo bubu maneno ya kusema. Machache tu, ila yana uchungu.