Sanduku la Vitabu na Bugaluu Yangu Mpya

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya kijiji kizima, mchana kweupe, na serikali ikiwa imeketi pembeni inaandika.

Kato na Sospeter, ndugu zangu, sijavua hata viatu. Nimekaa hapa chumbani kwangu Kirumba, jua bado liko juu, nawaandikia kabla hamjasikia kwa mtu mwingine. Mnajua meli ya Bukoba inavyobeba maneno kuliko mikungu ya ndizi.

Tangu nianze kazi ya ukarani katika maktaba ya hapa mjini, kazi yangu imekuwa kugonga mhuri wa tarehe kwenye vitabu na kuwaamsha wanafunzi wanaolala mezani. Basi. Wiki iliyopita mkutubi wetu akaniita.

“Deo, tunaanza kupeleka vitabu vijijini. Watu wamemaliza madarasa ya kisomo, sasa hawana cha kusoma, wanasahau. Alhamisi utakwenda wewe.”

Mimi! Nusura nimkumbatie. Akaendelea: nitafuatana na Afisa wa elimu ya watu wazima. Akiridhika, kijiji kitaachiwa sanduku la vitabu na tutakuwa tunalibadilisha kila mwezi. Asiporidhika, sanduku linarudi mjini. Halafu akaongeza, kana kwamba anataja jambo dogo, “Na ile nafasi moja ya mafunzo ya ukutubi Dar es Salaam, yeye ndiye atakayependekeza jina.”

Hapo ndipo nilipoharibikiwa akili. Nikajiambia: mtu wa kwenda Dar lazima aonekane wa kwenda Dar. Nikaenda kwa fundi mmoja Mkuyuni, nikampa kitambaa nilichokuwa nakitunza tangu Krismasi, nikamwambia anishonee suruali ya bugaluu. Chini ipanuke kama kengele ya kanisa. Juu ibane.

Nilipokwenda kuijaribu, fundi akanizunguka mara mbili, akatikisa kichwa.

“Kaka, hapa nyuma hapana nafasi. Utakaa vipi?”

“Sitakaa. Nitasimama.”

“Na ukiinama?”

“Mkutubi hainami.”

(Maneno hayo nimeyasema mimi, kwa mdomo wangu huu huu.)

Leo asubuhi Landrova ikanifuata. Afisa alikuwa amekaa mbele na faili lake mapajani: mtu mzima, mpole, miwani mizito, uso usiojua kucheka. Nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba, kisha akasoma faili lake mpaka tukaipita Pasiansi. Mimi nyuma nilikuwa nimelala ubavu juu ya sanduku kama gogo, maana kukaa kweli kulishindikana. Lakini furaha niliyokuwa nayo! Ziwa linang'aa kushoto kwetu, vitabu vinanukia wino mpya, na hotuba yangu ninayo kichwani kuanzia “Ndugu wananchi” hadi “ahsanteni.”

Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa nje. Wanaimba! Mimi, karani wa kugonga mihuri, naimbiwa!

“Mwangaluka, Mwalimu!”

“Mwangaluka!” nikajibu. (Ndilo neno langu pekee la Kisukuma, nikalitumia lote.)

Wametufagilia ghala la pamba, wameweka ubao mweusi mbele, meza moja ya Afisa kando ya ubao, na watu wote wamekaa chini juu ya magunia. Mstari wa mbele kabisa alikuwepo mama mmoja, Mama Minza, amemaliza kisomo msimu huu, kibao chake cha kuandikia mapajani na chaki mkononi kama askari na bunduki. Pembeni yake Mzee Masalu, miwani yake imefungwa kwa uzi.

Vijana wawili wakataka kuniletea sanduku kutoka garini. Nikawazuia.

“Niachieni. Vitabu vinataka mikono ya kitaalamu.”

Nikainama. Nikanyanyua.

*Taraaa!*

Nikalitazama sanduku. Zima. Nikaitazama kamba. Nzima. Nikasema labda ni gunia la mtu limechanika huko ndani. Nikalibeba sanduku langu mpaka mbele, nikalitua, nikasikia upepo wa ziwa unanipuliza vizuri sana mgongoni kwa chini. Nikamshukuru Mungu kwa hali ya hewa.

Nikaanza. Ndugu zangu, nilisema! Niliwaambia kitabu ni jembe la akili. Niliwaambia maktaba si ya wakubwa, ni yao. Wakapiga makofi. Nikawapa masharti: usikunje ukurasa, usifungie karanga, na la tatu, ambalo nililisema kwa sauti nzito kuliko yote:

“Maktabani ni kimya! Tangu sasa ghala hili ni maktaba. Hata ukiona nyoka, usiseme. Ukiwa na neno, liandike!”

Ghala likanyamaza papo hapo. Watu watiifu hawa! Nikamtupia Afisa jicho. Anaandika kwenye faili, kichwa chini. Safi.

Nikawageuzia watu mgongo nikaandika ubaoni: MAKTABA NI MALI YETU.

Nyuma yangu nikasikia kitu kama mbuzi aliyepaliwa. Nikageuka. Kimya. Kila mtu anatazama magoti yake. Mama Minza ameijaza kanga mdomoni, machozi yanamlengalenga. (Nikadhani hotuba imemgusa.)

Nikainama sandukuni kutoa vitabu vya chini, vile vya kilimo bora cha pamba. Msichana mmoja akainuka, akakimbilia nje. Nikainama tena kutoa vya ufugaji wa kuku. Mzee Masalu akavaa miwani yake, akasogea mbele kwa makalio, akakodoa macho, na midomo yake ikaanza kucheza polepole. Msomaji huyu, nikajisemea. Anasoma ubaoni, asubuhi hii hii!

Ndipo Mama Minza alipoanza kuandika. Ulimi nje, chaki inalia, anaandika kwa nguvu utadhani anachimba. Akamaliza. Akakiinua kibao juu kwa mikono miwili, amenikazia macho.

Jamani, mwili wangu ulisisimka! Nikamgeukia Afisa.

“Ndugu Afisa, tazama! Nimesema mwenye neno aliandike, na mama ameliandika! Hajaamriwa na mtu!”

Afisa akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Nami nikakisoma kibao. Lakini nilikisoma kwa macho ya mwalimu, si ya mtu mwenye suruali. Kimeandikwa: SULUALI YAKO IMECHANIKA.

Mnajua nilichoona? Niliona kosa la tahajia.

“Vizuri sana, mama! Vizuri mno! Ila kuna kosa moja dogo. Hapa si L, ni R. Su-RU-ali.” (Mhaya anamsahihisha Msukuma mambo ya R na L. Mbingu zilikuwa zimeshaanza kucheka.)

Na ili wote wanufaike, nikageuka tena. Nikawapa mgongo kijiji kizima, miguu nimeipanua kidogo ili nifike juu ya ubao, nikaandika sentensi ile kwa herufi kubwa. Nikachukua rula.

“Wote kwa pamoja!”

“SU-RU-A-LI!” ghala likaitikia.

“Endeleeni!”

“YA-KO! I-ME-CHA-NI-KA!”

“Siwasikii!”

Wakaisema tena, na paa la mabati likatetemeka. Dereva wetu akaja mlangoni kuona kuna nini, akatazama, akashika kizingiti. Nikawasomesha mara ya tatu. Sijawahi kuona watu wanasoma kwa moyo kiasi kile!

“Na sasa,” nikasema, nimeinua kidole, Dar es Salaam ninaiona kwa mbali, “kusoma bila kuelewa ni kazi bure. Nani ataniambia maana yake?”

Mkono wa Mzee Masalu ukapanda.

“Maana yake, Mwalimu, ni kwamba suruali yako imechanika.”

“Suruali ya nani, mzee?”

“Yako, baba. Huko nyuma.”

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Ulitafuta kitambaa cha Krismasi, haukukikuta. Ulikuta bukta. (Na bukta yenyewe mnaijua, nanyi mlikuwa nazo shuleni: zile mama zetu walizotushonea kwa gunia la unga.) Mshono wa bugaluu ulikuwa umeachia kuanzia kiunoni mpaka karibu na goti.

Nilibandika mgongo kwenye ubao, nikaganda hapo. Ndipo ghala lilipopasuka. Kicheko kile walikuwa wamekibana tangu sanduku! Watu walilala chali. Mtoto mchanga akaamka akalia, hakuna aliyemsikia. Mimi chaki yote ya MAKTABA NI MALI YETU inahamia kwenye bukta yangu.

Afisa akasimama. Nikasema moyoni, kwaheri Dar. Akamwendea Mzee Masalu taratibu.

“Na wewe mzee, nilikuona midomo inacheza. Ulikuwa unasoma nini?”

Mzee akasimama wima kama yuko mbele ya mtahini.

“Nimesoma UNGA SAFI, ndugu Afisa. Kuna neno la tatu, ila limeingia kwenye mshono.”

Afisa akavua miwani. Mabega yakaanza kutikisika. Yule mtu asiyejua kucheka alishika meza kwa mikono miwili, akacheka mpaka akafuta macho kwa faili la serikali.

Mama Minza ndiye aliyeniokoa. Alikuja na kanga yake ya pili, akanifunga kiunoni mwenyewe kama anamfunga mwanawe.

“Unisamehe, mwanangu. Nilitaka kusema tangu mwanzo, lakini ulisema tusiseme.”

“Umefanya sawa, mama. Mimi ndiye nimekosa.”

“Unajua,” akasema kwa sauti ya chini, anakaza fundo, “nje ya darasa sijawahi kumwandikia mtu neno. Wewe ndiye wa kwanza.”

Ndugu zangu, hapo nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikaketi, sasa naweza kuketi, nikiwa na tai shingoni na kanga kiunoni, nikaanza kuandikisha wasomaji. Mstari ulitoka mezani ukapita mlango. Mama Minza alichukua kitabu cha ufugaji wa kuku, lakini akakataa kuondoka hadi ausome mstari wa kwanza mbele ya Afisa. Aliusoma, kidole kinatangulia, neno moja moja. Alipofika kwenye nukta, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga pia. Mpaka tunamaliza, sanduku lilikuwa limebaki na kamba tu.

Kurudi, Afisa alikaa mbele tena na faili lake. Tulipoikaribia Pasiansi ndipo akasema bila kugeuka:

“Sanduku litakuwa linakwenda kila mwezi.”

“Ahsante, ndugu Afisa.”

“Na kwa ile nafasi ya mafunzo nimeandika jina lako.”

Sikuamini! Nikamwuliza ameandika sababu gani. Akafungua faili, akasoma kwa sauti ya kiofisi kabisa: “Ana uwezo wa kuwafanya wananchi wasome kwa bidii.” Halafu yeye na dereva wakaangua kicheko, Landrova ikayumba mpaka Kirumba.

Kwa hiyo nakwenda Dar, jamani! Nakwenda kusomea ukutubi! Ninaruka hapa chumbani peke yangu, na kanga ya watu bado kiunoni.

Nawaomba msinicheke. Na mkishindwa, chekeni huko huko Bukoba. Hapa Mwanza wanaonicheka wametosha.