Midomo Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 3 Juni

Anakuja! Mchumba wangu anakuja Jumapili na shangazi yake kuniona ana kwa ana. Mpaka leo tumejuana kwa sauti tu, maana simu yangu ya vitufe haina hata kamera. Yeye ni fundi cherehani huko nyumbani. Mimi nafunga mbao za kumwagia zege huku ugenini, kwenye ghorofa lisilokwisha. Dada yangu ndiye aliyetuunganisha. Alimpelekea picha moja, nimesimama kazini na Cheche, mchomeleaji ninayeishi naye chumba kimoja. Cheche anacheka. Mimi nimebana misumari mdomoni kama kawaida yangu, na nimeazima koti lake pana la ngozi kwa sababu ya baridi.

Leo mchumba kasema kwamba kilichomvuta kwenye ile picha ni midomo. Midomo! Hajawahi mtu kunisifia kitu kilichopo usoni. Nimeoga mara mbili.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwambia Cheche. Kosa kubwa! Akabandua nakala yetu ya ile picha ukutani, akaisogeza dirishani, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, ndugu yangu, hapa kuna midomo ya mtu mmoja tu, nayo ni hii yangu. Ya kwako ni mstari uliopigwa kwa rula. Huyo mchumba wako kachanganya watu. Kisha akanionea huruma, jambo baya kuliko kucheka. Ati Jumapili atajificha, asije akamtia binti wa watu majaribuni. Majaribuni!

Nimejitazama kwenye kioo cha kunyolea. Ni kweli. Sina midomo, nina mfuniko.

Ningeweza kumpigia simu nimuulize alimkusudia nani. Nimelifikiria sana. Lakini je, akisema Cheche? Afadhali kubadilisha midomo kuliko kuuliza.

Jumatano, 5 Juni

Ng'ambo ya barabara kuna kliniki ya urembo. Naiona kila siku nikiwa juu ya jukwaa la ujenzi. Wanawake wanaingia na miwani ya jua, wanatoka na miwani ya jua. Mlango wao unakwaruza sakafu, kila anayeingia lazima ausukume kwa nyonga. Nikaingia kwa nyonga. Nikamwambia daktari, mama mpole mwenye viatu vyeupe, kwamba nitautengeneza mlango ule uwe unateleza kama siagi, naye anipe midomo. Alinitazama kwa muda. Akatazama mlango. Akasema nikae.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupasuliwa: wanakata, wanasogeza ngozi, wanashona. Inakaa. Lakini uvimbe unachukua majuma, na usipoipenda huwezi kuirudisha dukani. Ya pili ni sindano: wanaingiza ute mzito kama jeli, unatoka umenenepa midomo siku ileile, na baada ya miezi unaisha wenyewe. Usipoupenda, ipo sindano nyingine ya kuuyeyusha.

Mimi nikapima kifundi. Kupasua ni nguzo ya zege. Sindano ni gogo la kuegemeza kwa muda. Mke ni wa kudumu, kwa hiyo midomo iwe ya kudumu! Lakini Jumapili ni karibu, na zege halikauki kwa kuombwa. Nikamuuliza kama anaweza kupasua wa juu na kudunga wa chini, ili nilinganishe. Daktari akavua miwani. Akasema hapana kwa upole wa mtu anayezungumza na mlevi. Akaongeza kwamba yeye haoni kasoro yoyote mdomoni mwangu. Ni kweli, haoni. Hakuna cha kuonekana.

Nimechagua sindano.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi mlango. Nimeupiga randa kwa chini, nimekaza bawaba. Unateleza!

Mchana nikadungwa. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la randa. Daktari akatia kidogo tu. Nikamwambia aongeze, mlango ule ulikuwa mzito. Akakataa. Akaniagiza nisiibane midomo, nisiisugue, nisile cha moto, nisile pilipili. Ikivimba kesho nisishtuke, itashuka.

Itashuka? Nani anataka ishuke?

Ijumaa, 7 Juni

Imevimba vizuri sana. Naiona bila kioo.

Getini kazini kuna mashine inayosoma sura ndipo ikufungulie. Leo ilinikataa. Nikasogea, nikarudi nyuma, nikavua kofia. Ikasema kwa ile sauti yake ya kike kwamba hainitambui. Foleni nyuma yangu ikaanza kupiga kelele, mzee tupishe, hapa si studio! Ikabidi niivute midomo ndani kwa vidole. Ndipo ikanikubali, kwa shingo upande.

Kazini mambo yakaharibika. Mimi misumari hukaa mdomoni, mikono ikiwa na nyundo na ubao. Leo nimetia misumari, sikuisikia. Nikadhani nimeishika. Ikashuka yote kutoka jukwaani mpaka kwenye uji wa nyapara, aliyekuwa amekaa chini anakunywa kwa amani. Nyapara akapanda mwenyewe. Akauliza nimeumwa na nyuki au nimepigwa na mume wa mtu. Nikajibu kwamba ni nyuki. Akanipeleka chini nikachote kokoto.

Cheche alinigeuzia mgongo. Alikuwa anacheka kwa mabega.

Jumamosi, 8 Juni

Balaa! Nimeamka, midomo imeanza kushuka. Siku moja kabla! Lazima niikinge.

Sasa, kila mtu wa ujenzi anajua kazi mpya hailindwi kwa kuachwa. Ukishamwaga zege unalifunika gunia, unalimwagilia maji asubuhi na jioni, la sivyo linapasuka. Sijui kwa nini daktari alisahau kuniambia hilo. Nimeosha kipande cha gunia la saruji, nimekilowesha, nimejifunga mdomoni. Nimelala chali hivyo adhuhuri nzima, nikijimwagilia kwa kikombe.

Jioni nikapima. Bado inashuka. Nikaongeza pilipili. Kidogo tu, kwa kidole.

Mungu wangu!

Jumapili, 9 Juni

Walifika saa nne. Nilikuwa kwenye geti la tunapoishi, nimevaa shati jeupe. Midomo ilitangulia, mimi nikafuata. Nikasema shikamoo kwa shangazi, ikatoka kama puto linalovuja. Shangazi akanikabidhi mabegi. Akamwambia mpwa wake kwamba hawa wapagazi wa huku wana adabu, ila huyu maskini anaumwa.

Nilibeba mabegi mpaka chumbani. Nikayaweka chini, nikamwonyesha kitambulisho changu cha kazi. Shangazi akasoma, akanitazama, akasoma tena. Akakaa kwenye kitanda cha Cheche bila kukaribishwa.

Mchumba hakucheka. Ni mzuri, mfupi, ana uzi umemganda kwenye mkono wa gauni. Akafungua begi, akatoa koti. Kanishonea koti la harusi! Alikadiria vipimo kwa ile picha. Akanivika, akatoa pini, akaniambia nimshikie mdomoni wakati anabana mabega.

Zikadondoka. Akaniwekea nyingine. Zikadondoka. Cheche, aliyesema atajificha, akajitokeza kwenye mlango na lile tabasamu lake. Akasema, dada, nipe mimi, midomo ipo. Akatia pini, akataka kuendelea kutabasamu. Akaruka kama kachomwa moto. Pini zikaenda kila upande, mojawapo kwenye paja la shangazi.

Mchumba akaketi kwenye ndoo. Akasema taratibu, kama mtu anayejisemea. Alisema kwamba yeye anashinda kutwa na pini mdomoni, na wanaume wote walimwona kichekesho. Siku dada yangu alipompa ile picha, akamwona mtu amebana misumari vilevile, kaikaza bila kuangusha hata mmoja. Akajisemea, na huyu tutakaa chumba kimoja, kila mtu na kazi yake, na tutaelewana bila kupiga kelele. Midomo ile ndiyo aliyoipenda. Akauliza iko wapi.

Nikasema ipo, chini ya hii.

Shangazi akataka mabegi. Mchumba akasema kwamba atarudi nikirudi kuwa yule wa pichani. Aliniachia koti na pini mbili za mazoezi. Hapo ndipo nilipolia, na si kwa vumbi.

Jumatatu, 10 Juni

Mashine imenikataa tena. Nikavuka barabara kwenda kwa daktari. Ile sindano ya kuyeyusha ipo, ila kwanza uvimbe wa pilipili utulie. Alisema pilipili kwa sauti kubwa, wagonjwa wote wakageuka. Nimejifunza! Sitagusa tena midomo yangu maishani. Mtu abaki alivyoumbwa.

Adhuhuri mchumba akapiga simu. Wamefika salama. Sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo, nikapona nusu. Akasema koti ni pana mabegani, kwenye picha nilionekana mpana. Nilitunze tu, akirudi atalipunguza, kazi ya dakika chache.

Alipunguze? Koti zuri vile, lililoshonwa kwa mapenzi, likatwe kwa sababu ya mabega yangu? Haiwezekani! Yeye asisumbuke.

Kesho nitamuuliza daktari kama mabega yana sindano, au lazima kupasuliwa. Malipo si tatizo. Wakati natoka leo, niliilegeza kidogo bawaba ya mlango wake.