Mtambo wa Malango Manne

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo naanza kuandika. Mtu kama mimi akikaa kimya, watu wanapotoshwa. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiari yangu.

Habari kubwa: mke wangu Beatha ataonekana kwenye televisheni! Jumapili hii, saa tisa alasiri, kipindi cha kwaya. Walipigwa picha Tanga mwezi uliopita. Ameimba ubeti mzima peke yake. Miaka arobaini kwenye kwaya ya usharika, ndiyo mara ya kwanza kupewa ubeti. Lakini Jumapili atakuwa Mtae kwa dada yake Yudith aliyevunjika mguu, na kule kwa Yudith televisheni hakuna. Kasema basi amwombe jirani Sefania amrekodie kwenye flashi. Flashi! Mke wangu akae ndani ya kitu kidogo kama njugu? Nimeapa mezani kwamba nitamrekodi mimi.

Seva ninayo. Ni kompyuta ya zamani ya binti yetu Happiness, iko kabatini. Happiness kasema kwa simu kwamba inafaa kutunza vipindi. Kilichobaki ni kisanduku cha tyuna, kile kinachopokea picha za antena na kuzipitisha kwenye ruta mpaka kwenye seva. Nikamwambia hilo nalijua. Sasa nalijua.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda Lushoto mjini kwa fundi Abubakari. Kanipa shikamoo nzuri, ya kuinama. Sefania ni mdogo wangu kwa miezi mitano na hajanipa hata moja tangu tuzaliwe.

Fundi kaweka visanduku vitatu mezani. Cha kwanza kinang'aa, nikakishika. Kasema hicho ni cha mfumo wa ng'ambo, hapa kwetu hakishiki hata chaneli moja, niangalie chenye maandishi T2. Nikasema nilikuwa nampima. Cha pili kina tyuna mbili. Cha tatu kina nne. Kaeleza kwamba tyuna moja inashika chaneli moja kwa wakati mmoja, na mtu anayetaka kipindi kimoja cha Jumapili, mbili zinatosha na kubaki.

Nikamwambia anaongea na mwenyekiti wa mfereji, miaka kumi na tisa. Tyuna ni lango la maji, basi. Lango moja, shamba moja. Sefania ana king'amuzi cha lango moja. Mbili ni kumzidi kidogo. Nimechukua nne.

Alhamisi, 11 Septemba

Abubakari kaja kufunga. Antena juu ya paa, kaielekeza kwenye pengo la mlima, waya mfupi. Ikakubali! Picha kama kioo. Katega kila kitu: Jumapili saa tisa seva itarekodi yenyewe. Kaniomba jambo moja tu, nisiguse. Kisha kamwomba Beatha naye aniombe. Beatha kaniomba mara mbili, akaenda kufunga mzigo.

Ijumaa, 12 Septemba

Beatha kaondoka na basi la alfajiri. Mlangoni kasema, Baba Happiness, usiguse. Nimeumia kidogo.

Saa nne nilikaa nje na chai, naitazama antena yangu. Nikainua macho. Nyumba ya Sefania iko juu yangu mlimani. Antena ya Sefania iko juu ya antena yangu. Chai ikanitokea puani.

Kwenye mfereji wetu, tangu babu zetu, shamba la juu linafunguliwa kwanza na la chini linapata kinachobaki. Kwa hiyo zile picha za jana zilikuwa masalio ya Sefania! Na Jumapili atafungulia zote.

Nimempigia Abubakari. Kasema picha si maji, Mzee, hata watu elfu wakizishika hazipungui. Fundi mzuri. Hajawahi kulima.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimehamisha antena. Sasa iko kwenye mti wa mgrevilea juu ya shamba la Sefania, hatua mia moja na themanini kutoka kwangu. Waya wa fundi haukufika. Nimeunga vipande sita: wa redio, wa pasi, na ule wa Beatha wa kuanikia nguo.

Sefania katoka kibarazani, kauliza, Mwenyekiti, unamfunga nani huko juu? Nikamjibu ajiandae kwa kiangazi. Kasema yeye hata hivyo atamrekodi Beatha kwenye flashi, iwe akiba. Akiba! Nikamkataza. Kacheka.

Mchana nimezima kila kitu. Siri hii haijui fundi yeyote. Ndiva, bwawa letu la mfereji, tunaliziba jioni, maji yanajaa usiku kucha, na asubuhi ukizibua yanatoka kwa nguvu za ajabu. Basi nimekizima kisanduku. Kijae.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani nimewatangazia watu waje kwangu kesho saa kumi wamwone Beatha. Mchungaji mwenyewe kaitikia.

Saa tisa kasoro dakika tano, nikawasha. Malango yote manne kwenye chaneli ile ile. Kioo kikaandika hakuna mawimbi. Nikangoja yasukume. Saa tisa ikafika. Hakuna. Nikapanda mlima kuutikisa mti, nikarudi. Hakuna. Nikapanda tena.

Nikiwa chini ya mti nikasikia sauti ya Beatha. Inatoka dirishani kwa Sefania. Ubeti wote, peke yake, kila neno. Nilisimama mpaka ukaisha. Kwa uchunguzi tu. Sauti ni ile ile ya mwaka tuliooana.

Mwizi yule alikuwa amefungulia mpaka mwisho.

Jumatatu, 15 Septemba

Beatha kafika saa tisa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakunywa hata chai. Kavaa sare ya kwaya, kakaa kiti cha mbele. Wageni kumi na wanane, na Sefania, ambaye sikumwalika. Mchungaji kaomba sala.

Nikafungua faili ya kwanza, huenda seva iliona nisichokiona. Nyeusi. Ya pili. Nyeusi. Nikawaeleza kwamba huu ni weusi wa hali ya juu, hauna chenga hata moja. Beatha kauliza taratibu, Baba Happiness, uligusa? Nikasema hilo swali linaangalia upande mmoja tu. Hakulia. Katazama mikono yake. Afadhali angelia.

Sefania kasimama, katoa flashi mfukoni. Nilimkataza, na kaitoa! Wote wakapanda kwake. Mimi nilibeba kiti cha Beatha, maana viti vya Sefania ni vibovu. Wameitazama mara tatu. Mara ya pili Beatha kajicheka. Nilikuwa mlangoni, nimeona vizuri.

Jumanne, 16 Septemba

Sefania kanipa shikamoo! Dukani, mbele ya watu, kwa sauti kubwa: shikamoo Mwenyekiti, mtambo haujambo? Watu wote wakafurahi, wengine wakashika matumbo. Miaka sabini na moja nimeingoja. Nimeitikia marahaba mara mbili. Kumbe ananiogopa.

Jambo la Jumapili nimelifikiria sana. Yeye kapata yote, mimi sikupata hata tone. Ushahidi gani tena unatakiwa? Kosa langu ni moja: nilimzidi kwa hatua thelathini tu.

Abubakari kaja bila kuitwa. Kasema antena irudi kwenye paa, waya ule ule mfupi, nusu saa kazi imekwisha. Nimemshukuru, nimemsindikiza mpaka barabarani. Kisha nimempigia Happiness anitafutie kisanduku cha tyuna nane.

Kwaya itaonyeshwa tena Krismasi. Beatha kasema ameshamwomba Sefania. Nimemwambia asijisumbue, nitamrekodi mimi. Kaenda kuficha waya wake wa nguo.

Juu ya mgrevilea kuna msitu. Juu ya msitu kuna mwamba. Leo mchana nimeupanda kuukagua. Ukisimama pale, paa la Sefania ni dogo kama kiberiti.