Chumba cha Mama Mkwe

Povu ndiye aliyekuja na gazeti, nalo lilikuwa limelowa nusu. Povu anafua shuka za hoteli zote tatu za hapa njia panda, na tangu nimfahamu sijawahi kumwona akiwa mkavu.

"Jamani, tumeshinda!" alisema kabla hajakaa. "Sikilizeni wanavyotuandika. Mtaa uliochangamka kuliko yote jijini ni huu wetu! Wageni wanamiminika, hoteli zimejaa, hakuna habari ya kulala!"

"Nani kawaambia hatulali?" aliuliza Koili. Koili ni fundi umeme. Ametoboa kuta miaka ishirini, siku hizi hata salamu anaitoa kwa kupiga kelele. "Mimi saa mbili nimeshazima!"

"Unazima wewe, pua ndiyo kwanza inaingia zamu ya kukoroma," Povu alimjibu, akacheka. Alipocheka vikombe vyangu vikatikisika kwenye sinia.

Mimi ndiye muuza kahawa, wananiita Buli. Kazi yangu hapa ni kuuza kahawa na kuvumilia, na kwa kweli hiyo ya pili ndiyo inayonimaliza. Nilimwambia Povu apunguze sauti, akaniambia nipunguze maji kwenye kahawa. Tukaendelea na maisha.

Kisigino, fundi viatu, alikuwa amekaa pembeni na kiatu cha mteja mapajani. Hakishoni, amekishika tu. Kawaida gazeti likifika yeye ndiye wa kwanza kubisha, hata habari ya hali ya hewa anaipinga. Siku hiyo kimya.

"Vipi, fundi?" nikamuuliza. "Unaumwa?"

"Huo uchangamfu mnaoushangilia ndio unaonivunjia nyumba," alisema. "Mke wangu kila siku yuko kwenye simu na mama yake. Mama, huku hapalaliki. Mama, pacha wakisinzia tu wanashtuliwa na kelele. Sasa mama mkwe anakuja keshokutwa. Siku tatu. Kasema anataka kusikia kwa masikio yake, na akiona hapafai, anaondoka na binti yake na wajukuu. Mke wangu kashaanza kukunja nguo za watoto."

"Si alale kwako ajionee!" Koili alisema.

"Nina chumba kimoja, Koili, hapo nyuma yetu tu. Nipite na taulo mbele ya mama mkwe?"

Hapo hata Povu aliinamisha kichwa. Kuna mambo mtu mzima hayafikirii.

"Nataka hoteli," Kisigino aliendelea. "Iwe karibu, maana ana magoti. Iwe safi. Na iwe kimya. Nichagulieni, nimechanganyikiwa."

Ungemwona Dalali alivyoinuka! Dalali anatafutia watu vyumba, na mtu akitamka neno hoteli yeye anapata nguvu mpya. "Mpeleke Nyota Nne," alisema huku akirekebisha kola. "Pale akilala anaamka amepungua miaka kumi."

"Zile nyota nne kazichora fundi rangi!" Povu aliruka. "Alitaka kuchora tano, rangi ikamwishia. Na shuka zao nazifua mimi mwaka wa sita huu. Zimekuwa nyembamba, ukizianika unamwona jirani yako anavyokula upande wa pili."

"Basi Mapumziko Mema."

"Mapumziko Mema feni ya chumba cha tano na taa ya chumba cha nane nilizifunga kwenye waya mmoja!" Koili alisema kwa fahari kabisa. "Huyu akiwasha feni, yule anabaki gizani. Wageni wa vyumba hivyo wanaingia hawajuani, wanaondoka hawasalimiani!"

"Sasa si ukarekebishe?"

"Wananiita kila wiki, narekebisha cha tano, kinaharibika cha nane. Mnataka nile wapi?"

"Imebaki Tulizo," nilisema, maana walikuwa wananipasua masikio. "Nani kati yenu amewahi kulala Tulizo?"

Wakatazamana. Ndipo ikajulikana kwamba hakuna aliyewahi kulala popote. Miaka yote hiyo tunazungukwa na vitanda vya wageni, na kila mmoja wetu anaingilia mlango wa nyuma na kutokea huohuo. Povu anajua shuka, Koili anajua waya, Dalali anajua mlango. Usingizi wa humo ndani hakuna anayeujua.

"Kuna maoni ya wageni," Dalali alisema, akatoa simu. "Watu wakilala wanaandika. Tulizo hii hapa. 'Chumba kisafi, maji ya moto yapo, wahudumu wana adabu.' Mnaona? Fundi, lipia! 'Tatizo ni watu fulani chini ya dirisha, wanabishana kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.'"

"Watu gani hao wasio na haya?" Koili alifoka. "Si wafukuzwe!"

"Malezi hakuna siku hizi," Povu alisikitika.

Mimi nilianza kuhisi joto masikioni. Dirisha la Tulizo liko juu ya kichwa changu, mvuke wa birika langu unaingia humo. Nikajifanya napangusa sinia.

Dalali akaendelea. "'Nimeondoka nikiijua ndoa ya fundi viatu mmoja kuliko ninavyoijua yangu.'"

Kiatu kikamdondoka Kisigino.

"Fundi viatu wako wengi," Povu alisema haraka. "Soma Mapumziko Mema."

"'Kitanda kizuri. Lakini ng'ambo ya barabara kuna mtu ana kicheko cha geti lisilotiwa mafuta...'"

Povu akacheka. Hakukusudia, maskini. Kilimtoka chote, tukakisikia kwa masikio ya mgeni kwa mara ya kwanza, na kweli, lilikuwa geti. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Nakiri nilifurahi. Miaka minane nawaambia watu hawa wapunguze kelele. "Mmeona?" nilisema. "Mmeona sasa?"

"Nyota Nne," Dalali alisoma. "'Wabishi ningewavumilia. Aliyenishinda ni muuza kahawa anayegonga vikombe kama anaita watu kwenye moto, halafu anapiga kelele kwamba watu wapunguze kelele.'"

Kisigino aliokota kiatu chake, akakipangusa vumbi polepole.

"Kwa hiyo wanaowaamsha wanangu ni sisi," alisema. "Na mimi nimo. Namwacha mke wangu na pacha wanaolia, nakuja hapa kubishana mpaka napata jasho, halafu narudi namuuliza kwa nini hapalaliki." Akatutazama mmoja mmoja. "Ndugu zangu, nawapenda, mnajua. Lakini yule mwanamke akiondoka, mimi sina nyumba, nina chumba tu."

Niliona aibu, sifichi. Koili akajaribu kunong'ona, mara ya kwanza maishani, akasikika hadi kwa muuza magazeti tu. "Siku tatu," alisema. "Tunaweza."

Tukaapa. Dalali akachukua chumba Tulizo, kilekile cha dirishani, maana vya nyuma vilishajaa kwa sababu ya gazeti.

Mama mkwe akafika. Mama mnene, mfupi, kanga mbili na mkoba mmoja. Tulisimama wote, tukainama, tukakaa. Kuanzia hapo, jamani, siku hizo mbili tuliteseka. Vikombe nilivifunga vitambaa. Anayetaka kahawa ananyoosha kidole, anayetaka tangawizi anakunja. Drafti ikachezwa kwa macho, na Koili alipoibiwa kete alisimama akagombana kwa vidole tupu, mishipa imemtoka shingoni, mpaka mpita njia akamhurumia akampa pole ya ububu. Povu alikuja na taulo. Kila akitaka kucheka analiuma.

Asubuhi ya siku ya tatu dirisha la juu likafunguliwa kwa kishindo.

"Nyinyi! Hapo kuna msiba?"

Tukatikisa vichwa.

"Basi nani kawakata ndimi?"

Kabla hatujajibu, alishashuka. Alisimama mbele yetu, mikono kiunoni. "Mwanangu ananipigia simu kila siku, analalamika. Mimi namwambia, hebu sogeza simu dirishani, mwanangu, nisikie hiyo kelele. Nasikiliza wee, mpaka salio linaisha. Tangu baba yao afariki, nyumba yangu imenyamaza, naogopa hata kukohoa. Nimekaa kwenye basi siku nzima kuja kuwasikia. Nafika, nakuta maiti zinacheza drafti! Siku mbili sijafumba jicho kwa kimya chenu!"

"Mama, tulifikiri..." nilianza.

"Wewe Buli. Hiyo sauti naijua. Na yule anayecheka kama geti yuko wapi?" Povu akatoa taulo mdomoni. "Ni wewe? Hebu cheka."

Povu akacheka. Kicheko cha siku mbili kilitoka kwa mkupuo. Mama mkwe akamfuata, na cha kwake, wallahi, kilikuwa geti la pili. Madirisha ya hoteli zote tatu yakafunguliwa.

Akaketi, palepale mahali pa Kisigino. "Binti yangu haendi popote," alisema, akapokea kahawa. "Watoto watahamia kwangu mchana, walale. Wewe Dalali, nitafutie chumba mtaa huu, kiwe mbali kidogo na kelele kwa ajili ya pacha, ila karibu na hapa kwa ajili yangu. Haya, ile kesi ya nani aliyevunja birika mliimaliza?"

Ilikuwa haijaisha. Mpaka leo haijaisha.

Mwezi wa pili sasa. Pacha wanalala, mke wa Kisigino ameng'ara, nguo za watoto zimerudi kabatini. Kisigino mwenyewe hakai nasi. Atakaa vipi? Utabisha, utatania, utacheka na meno yote nje mbele ya mama mkwe? Sanduku lake la viatu amelihamishia ng'ambo, chini ya Mapumziko Mema, na anashona huku shingo imegeukia kwetu.

Jana mama mkwe alikuwa anatusimulia jinsi mkwe wake alivyotetemeka siku ya kuja kuomba kuoa, hata akajimwagia chai kwa woga wake mwenyewe. Povu yuko chini, hoi. Nilimwona Kisigino ng'ambo akinyanyuka, kidole juu, tayari kupinga. Kisha akakumbuka adabu. Akakishusha kidole, akakaa.

Nilivuka kumpelekea kahawa. "Vipi, ndoa imepona?"

"Imepona, Buli. Imepona kabisa."

"Sasa machozi ya nini?"

"Haikuwa chai," alisema. "Ilikuwa uji. Nenda kawaambie."