Nyonga za Cordell Pettway

Lucius Tarpley alikuwa anamalizia mayai yake katika mgahawa mmoja wa Harlow, Alabama, aliposikia mtu wa meza ya nyuma akisema ana hela na hajui amwamini nani. Akaweka uma chini. Maneno ya namna hiyo, yakisemwa kwa sauti, asubuhi, na mtu aliyevaa saa ya dhahabu, hayamfikii mtu kila wiki.

Mwenye saa alikuwa Wendell Crouse, mwuza magari, ambaye picha yake ilikuwa kwenye kila bango la barabara ya kuingia mjini, akiwa amekumbatia pikapu. Alikuwa akimweleza rafiki yake habari za Cordell Pettway, mlinzi wa mwisho wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha pale. Yule anayesimama nyuma ya wenzake wote akimsoma macho mrushaji mpira wa wapinzani, na wenzake wakishapitwa, yeye ndiye aliyebaki kati ya timu na aibu.

"Siku hizi sheria inaruhusu," Crouse alisema. "Mwanachuo anauza sura yake kwa matangazo kama mtu mwingine yeyote. Nikimfunga sasa kwa mkataba wa bei ya chuo, akienda ligi ya kulipwa ninaye kwa bei ileile. Lakini ataenda? Kocha anasema ataenda. Kocha huyohuyo alisema hata mpwa wangu ataenda, na sasa anauza bima."

Lucius hakugeuka. Alitoa mfukoni saa ya kupimia mbio, akaiweka kando ya sahani. Akatoa darubini ndogo, akaiweka kando ya saa. Kisha akaagiza kahawa nyingine na kutulia kama mtu mwenye kazi ya heshima.

Kahawa haijapoa, Crouse alikuwa ameshavuta kiti.

"Samahani, bwana. Wewe ni mtafuta vipaji?"

"Hapana," alisema Lucius.

"Wa timu gani?"

"Nimesema hapana." Lucius akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Na ningekuwa, unadhani ningevaa kofia ya timu? Wanaovaa kofia ni wale wanaotumwa kununua sandwichi."

Crouse akaelewa, yaani hakuelewa kitu, ila kwa furaha kubwa. Walipoachana, Lucius alikuwa amekubali kwa shingo upande kumtathmini Cordell kwa siri, kwa malipo ambayo aliyaita hela ya mafuta ya gari. Kwa mafuta hayo meli ingefika Japani.

Tumtendee haki Lucius. Katika maisha yake alikuwa ameuza viwanja vya makaburi vilivyokuwa chini ya maji, na dawa ya upara aliyoichanganya kwenye beseni la hoteli, lakini futiboli aliijua. Aliwahi kuchezea chuo kimoja kidogo huko Georgia, zaidi benchi kuliko uwanjani, na mtu wa benchi hupata nafasi nzuri ya kutazama. Mpango wake wa kwanza haukuwa na makuu: amtazame kijana, aseme atafika, achukue hela, aondoke kabla Crouse hajaanza kuuliza maswali.

Alimkuta Cordell si uwanjani bali kwenye mazizi ya chuo, mkono mmoja umezama hadi begani ndani ya ng'ombe.

"Subiri kidogo, mzee," alisema kijana bila kugeuka. "Ndama amekaa vibaya."

Lucius akasubiri, leso puani, akizungumzia maisha mema yanayomngoja kijana. Akaweka akilini: mikono mirefu, haitetemeki. Ndama alipotoka na kujaribu kusimama kwa kuyumba, Cordell alimtazama kwa uso ambao mtu yeyote mwingine angeushangaa. Lucius hakuuona uso huo. Alikuwa anatazama mapaja.

Jioni ile alikwenda mazoezini. Mrushaji wa timu alimtazama mwenzake wa kushoto, akazungusha mwili wote kushoto, halafu akarusha kulia. Cordell alikuwa ameshafika kulia, ametulia, kama mtu aliyealikwa. Wakarudia, ikawa hivyohivyo. Kocha alipowapanga kukimbia mbio fupi, Lucius alipima ya Cordell, akaitazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi yake, Lucius Tarpley alikuwa na kitu cha kweli cha kuuza, na hakuwa tayari kumwachia Crouse. Kwa nini mnunuzi wa sura hiyo asiwe yeye mwenyewe? Angenunua kwa bei ya bure, halafu angemuuzia Crouse kwa bei ya kumtoa machozi. Ila kwanza Crouse alipaswa kuondoka njiani.

Kesho yake alimpandisha Crouse kwenye viti vya bati vya uwanja wa mazoezi, wakakaa juu kabisa.

"Unaziona nyonga?" aliuliza Lucius.

"Nyonga?"

"Anapogeuka. Tazama... hapo. Umeona?"

Crouse alikuwa ameona kijana akigeuka kama feni. Akakunja uso. "Sijui, bwana."

"Ngumu kama lango lenye kutu. Hapa chuoni hakuna wa kumuumbua. Kwenye ligi ya kulipwa watampita kama wanavyopita kibao cha barabarani."

Cordell akageuka tena. Crouse akasogea mbele, akashika magoti.

"Sasa naona," alisema polepole. "Anageuka kama mtu anayeomba ruhusa."

"Bwana Crouse, una jicho."

Mwambie mwuza magari kwamba ana jicho, halafu umtazame. Crouse alilipa hapohapo, akashukuru kwa kuokolewa, na kabla jua halijazama alikuwa amewaeleza kinyozi, meneja wa benki na mke wa mchungaji. Mji mzima ukaingia katika majonzi ya nyonga. Watu waliokuwa hawajui hata nyonga zao wenyewe ziko wapi walitikisa vichwa Cordell alipopita.

Kilichobaki ni shangazi. Ozella Pettway ndiye aliyemlea Cordell. Alikuwa na saluni ya nywele barabara kuu na sauti ya kwanza katika kwaya, na alimpokea Lucius kwa chai baridi yenye sukari na kipande cha pai, bila kumwambia karibu mara ya pili.

"Mji mzima unasema nyonga za mwanangu mbovu," alisema. "Na wanasema wewe ndiye uliyewaambia."

"Nilisema hivyo kumlinda, mama. Kina Crouse wangemla mzimamzima."

"Na wewe?"

"Mimi nina imani naye."

"Imani yako iko benki gani?"

Lucius akaweka bahasha mezani. Ndani yake zilikuwamo hela za Crouse, na juu ya hizo karibu kila alichokuwa amekusanya tangu enzi za makaburi. Akaeleza mkataba: nusu ya kila kitakachotoka kwenye jina na sura ya Cordell, muda wote atakaocheza ligi ya kulipwa, iwe ya Lucius. Ozella hakuitazama bahasha. Alikuwa anatazama dirishani, ambako gari la Lucius lilikuwa limeegeshwa, gari kubwa la rangi ya zambarau lenye viti vya ngozi.

"Na lile," aliuliza, "nalo lina imani?"

Lucius akacheka. Ozella hakucheka. Mwishowe Lucius alichomoa funguo, akaziweka juu ya bahasha. Mbele ya hela zilizokuwa zinakuja, gari ni nini?

Cordell alikuwa amekaa kwenye kochi, sahani magotini. "Bwana Tarpley," alisema, "mimi hujaniuliza chochote."

"Nikuulize nini, kijana? Macho yangu yameshauliza yote."

"Haya," alisema Cordell, akaendelea kula pai.

Ozella alishika kalamu lakini hakuandika. "Na asipocheza? Nakuuliza ukiwa umekaa mezani pangu."

"Asipocheza, hasara ni yangu. Ongeza maneno hayo, mama, na mimi nitayatilia saini."

Akayaongeza, kwa mwandiko mzuri sana, na wote watatu wakatia saini.

Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuwa Jumamosi. Lucius alijua watafuta vipaji wa kweli wangekuwepo. Cordell angecheza, wao wangepagawa, na Crouse angeona alichokosa. Kwa hiyo alikaa karibu naye, akamnunulia karanga za kuchemsha kwa senti zake za mwisho, na kungoja.

Kabla ya mechi, wachezaji wa mwaka wa mwisho walitambulishwa mmojammoja pamoja na jamaa zao. Ozella alitoka kwenye lango la uwanja akiwa na kofia pana ya njano, ameshikana mkono na Cordell.

"Cordell Pettway," kipaza sauti kilisema, "na shangazi yake, Bibi Ozella. Cordell amepata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo. Leo ndiyo siku yake ya mwisho kucheza futiboli."

Uwanja mzima ukasimama kupiga makofi. Lucius hakusimama. Crouse alimgeukia macho yakiwa yamelowa.

"Ulijua," alisema. "Watu wote hapa, na kocha, walidhani ataenda, na wewe peke yako ulijua kwamba hafiki ligi ya kulipwa." Akamwinua kwa kwapa, akawatangazia waliokaa karibu kwamba huyu ndiye yule bwana, na baadhi yao wakampigia Lucius makofi pia.

Siku hiyo Cordell alinyakua mpira wa wapinzani mara mbili na kuwaangusha waliokuwa wakubwa kuliko yeye. Crouse alitazama kwa huruma. "Nyonga zile," alisema. "Maskini. Amefanya vizuri kuacha mapema."

"Anaweza kubadili mawazo," alisema Lucius. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi nina mkataba wake. Ukiutaka, kwa heshima yetu, naweza kukupunguzia..."

Crouse alicheka mpaka akakohoa karanga. "Unanipima, eh? Hunipati, bwana. Umenifundisha vizuri mno."

Mechi ilipokwisha Lucius aliwakuta kwenye maegesho. Ozella alikuwa nyuma ya usukani wa gari la zambarau; Cordell ameegemea mlango, nywele bado mbichi.

"Mlinijua lini?" aliuliza Lucius.

"Siku ya ng'ombe," alisema Cordell. "Mrushaji akitaka kukudanganya, mwili unakwenda huku, macho yanakwenda kule. Wewe ulikuja kuongelea maisha yangu, macho yako kwenye mapaja yangu. Kwa shangazi ukawa unaongelea imani, macho yako kwenye kalamu. Nikakaa mahali ambapo ungedhani hapana mtu, nikakuacha urushe."

"Ungeniambia hutaki kucheza."

"Ungeniuliza."

Lucius alitoa ile saa ya mbio, akaigeuzageuza kiganjani. "Nataka kujua kitu kimoja. Kasi ile ya mazoezini. Ilikuwa kweli, au hii saa mbovu?"

"Ilikuwa kweli."

"Timu za ligi zimenipigia simu," alisema Ozella. "Nimewaambia yuko zizini, hawezi kuja."

"Nilijua angefika," alisema Lucius. Kitu fulani kilimpanda kifuani, na alipokichunguza akakuta kinafanana na furaha, jambo lililomkera sana.

"Ingia," alisema Ozella. "Nitakufikisha kituo cha basi, na nauli nitakupa. Usije ukasema huko mbele kwamba watu wa Harlow hawana utu."

Lucius akaingia mbele, kwenye kiti cha abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa katika gari lile. Wakaondoka. Walipopita saluni, Ozella alisikiliza mngurumo kidogo, akainamisha kichwa.

"Gia zinateleza," alisema.

"Zikipata moto tu, mama. Zipumzishe kidogo, zinarudi."

"Na mlango huu wa nyuma?"

"Unauinua kwanza, ndipo unafunga."

"Radieta?"

"Usiifungue ukiwa umevaa nguo nzuri."

Barabara ya kituo cha basi inashuka kilima kirefu hadi kwenye njia ya reli. Ozella aliwasha taa ya kugeukia, akaingia barabara hiyo, akakanyaga kidogo, akakanyaga tena.

"Bwana Tarpley," alisema bila kumtazama. "Breki?"

Lucius akavuta mkanda, akaufunga vizuri.

"Endesha taratibu, mama," alisema.