Mume Wangu Kugeuzwa Kichaka Bila Kuangalia Majira

Ndera, 14 Julai

Kwa Conrad,
Mwenyekiti wa Chama cha Mishale,
Hapa hapa Ndera.

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu nakupa, ingawa hustahili. Nimekujua tangu ukibebwa mgongoni na mama yako Leah, ambaye naimba naye kwaya moja, kwa hiyo usinifanyie uenyekiti. Kaa chini usome mpaka mwisho. Mwandiko umelala kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wangu kule Karagwe aliuchapa mkono huo miaka minne, ukamshinda. Mjukuu wangu Kirezi alitaka kuniandikia kwenye kompyuta, nikamnyang'anya kazi kwa sababu alikuwa anacheka.

Mume wangu Laurean ana miaka sabini na minne. Ameendesha lori miaka thelathini, mtu wa honi, mtu wa kusikika kabla hajaonekana. Januari alijiunga na chama chako akanunua upinde. Sikusema neno. Mwanaume mstaafu akikosa kazi anaanza kukupangia sufuria zako, nikaona afadhali mishale. Ndipo mkamfundisha kuvaa hilo vazi la kichaka, chandarua kilichoshonewa nyuzi na majani ya kitambaa kutoka kichwani mpaka miguuni, ili mnyama asimwone. Si nguo ya madoadoa ya jeshi, hiyo haigusi, akili bado anazo. Ni kichaka kamili.

Sasa sikiliza. Jumapili ya katikati ya Agosti tunatimiza miaka hamsini ya ndoa, na padri atatubariki mbele ya watu. Siku hiyo nataka niwe na mume anayeonekana. Ndicho ninachokidai, na sababu zangu nakuhesabia.

1. Mnajificha kwa nani? Kuwinda mnyama wa kweli hamruhusiwi, na mnalijua hilo, ndiyo maana mnapiga wanyama wa godoro. Nimekuja kuwaona kwa macho yangu. Swala wenu ni sponji iliyochongwa kwa kisu cha mkate. Macho yake mmeyachora kwa kalamu, na jicho moja liko shingoni. Wanaume kumi na wawili wenye wake na wajukuu mnatambaa kwenye tope ili godoro lisiwaone! Mimi nalala juu ya godoro kila siku, halijawahi kuniuliza natoka wapi.

2. Mnamwambia vazi moja halitoshi, kila majira yana lake. Haya. La masika ni la kijani, na chandarua chake ni changu, cha kitandani. Majani yake ni kitenge changu nilichovaa kwenye ubatizo wa Kirezi. Likilowa mvua linakuwa na uzito wa ng'ombe mjamzito, na Laurean analianika kwenye kamba yangu siku tatu. La kiangazi ni la rangi ya udongo, limeshonwa kwa nyuzi za magunia ya viazi, na viazi vyangu sasa vinalala sakafuni kama wagonjwa. La vuli anasema lichanganywe, nusu kijani nusu kahawia, na naona anaangalia pazia la sebuleni. Mwambie nimemwona anavyoliangalia.

3. Mutesi, fundi wangu wa Kimironko, aliyenishonea magauni kwa heshima miaka kumi, sasa anamshonea Laurean majani. Tena mkono wa kushoto hauwekwi majani hata moja, wala kifua upande ule, kwa sababu ndio mkono wa kushika upinde na nyuzi zikining'inia zinanaswa na kamba yake. Kwa hiyo nina mume ambaye upande mmoja ni msitu na upande mwingine ni kuku aliyenyonyolewa.

4. Vazi haliguswi na sabuni ya harufu. Eti mnyama atanusa. Mwenyekiti, godoro linanusa kwa pua gani? Analifukiza kwa moshi wa majani mabichi, analilaza kwenye nyasi, kisha anaingia nalo ndani ya nyumba niliyopiga deki.

5. Hili la tano linanitia aibu, lakini nitaliandika. Jumamosi ya mwisho ya Juni tulikuwa kwenye kazi ya umuganda ya kila mwezi, mudugudu wetu, mtaa mzima, tunasafisha mtaro. Laurean akaamua hapo ndipo pa kufanyia mazoezi, akalala pembeni ya mtaro. Lakini la kiangazi lilikuwa kwa Mutesi, kwa hiyo alivaa la masika. Juni! Nyasi zote zimekauka, vumbi tupu, na katikati ya vumbi kuna rundo moja la kijani limenona kama bustani ya waziri. Jean-Bosco ana ng'ombe wake bandani na anahangaika kutafuta majani mabichi tangu mvua iishe. Akamwomba ruhusa Hirwa, mkuu wetu wa mudugudu, achukue lile rundo. Hirwa akamwambia chukua, maendeleo ni pamoja na ng'ombe. Wakamfunga Laurean kwa kamba ya mgomba, wakampakia kwenye toroli, wanalalamika kwamba majani ya siku hizi ni mazito. Na yeye kimya! Kwa sababu gani? Kwa sababu kanuni yako namba moja inasema mwindaji hatikisiki. Alifikishwa bandani. Ng'ombe alikuwa ameshakula kola na bega moja ndipo mzee akapiga kelele, na Jean-Bosco akaruka ukuta ambao mpaka leo hajui aliurukaje. Juu ya hayo, Hirwa alimwandika Laurean kwamba hakuhudhuria umuganda. Mtu aliyebebwa na umuganda wenyewe!

6. Sharif mpiga picha alikuja Jumanne kutupiga picha za majaribio kwa ajili ya jubilei. Laurean alikuwa anatoka kwenu, akasimama kando yangu hivyo hivyo. Sharif ni kijana wa adabu sana. Aliniomba, samahani bibi, huu mmea tunaweza kuusogeza kidogo, unakukata bega?

7. Siku iliyofuata nilitoka uani nikamkuta amekaa kwenye kona ya ua. Nikasimama mbele yake, nikamwambia yote. Nilianza na chandarua. Nikapita kwenye lori, nikamkumbusha safari alizoahidi kurudi Krismasi akarudi Pasaka, na kwamba nilingoja miaka thelathini astaafu ili nipate mtu wa kunywa naye chai saa nne. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Hakujibu. Kumbe kilikuwa kichaka. Kichaka cha kweli, nilikipanda mwenyewe. Laurean alikuwa kwenu anatambaa. Mwenyekiti, hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwa hiyo naagiza hivi. Mavazi yote wavishwe swala wa godoro, wao ndio wanaopigwa, wao ndio wenye sababu ya kujificha. Wanaume wavae mashati mekundu, majira yote. Na Laurean atolewe chamani kabla ya Agosti, arudishwe kwangu akiwa ameoga kwa sabuni yenye harufu, tena nyingi.

Msalimie mama yako Leah, mwambie sauti ya pili Jumapili iliyopita ilikuwa chini. Msalimie mkeo Pretty na watoto, na huyo ng'ombe wa Jean-Bosco ukipita pale, maana ndiye pekee aliyemtambua mume wangu.

Mimi ninayekusubiri unijibu kwa maandishi, si kwa kutuma mtu,

Bibi Winifred

Nyongeza. Bahasha nimeifungua tena. Jana nilibeba lile la masika nikalichome nyuma ya nyumba. Ni zito, nikaona nilivae tu mpaka huko. Kabla sijafika, mama yako na wanakwaya wawili wakaingia uani. Nikaona aibu, nikakaa chini. Hawakuniona! Walikaa kwenye benchi langu wakinisema, kwamba nina mdomo mkali, lakini nisipokuja mazoezini kunapooza kama nyumba ya msiba. Walipoondoka, kichaka cha kando yangu kikacheka. Kilikuwa Laurean, na chupa ya chai alikuwa nayo. Tukakaa mpaka saa saba mchana, tumeongea kuliko miaka yote ya lori.

Mwambie Mutesi anishonee la kiangazi, maana Agosti ua wa kanisa utakuwa umekauka na mimi si mtu wa kuliwa na ng'ombe. Kiuno anakijua. Ila kwangu aache wazi mkono wa kulia, upinde nitaushika kwa huo. Yule swala mwenye jicho shingoni, mtu yeyote asimguse, ni wangu.

Sharif nimeshamwambia asisogeze mmea wowote.